Umesoma kwa Nani?

"Shangazi, hujalala? Baba asema nikienda Kilifi ni sawa na kubaki nyumbani."

Ujumbe huo uliingia saa tano na nusu za usiku, na usingizi ukaniruka. Aliyeuandika ni mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 18, mzaliwa wa Langoni hapa Amu, yaani Lamu. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, amepata B, na baiolojia amepata A-. Anataka kusomea baiolojia ya bahari na uvuvi katika Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi. Baba yake, ambaye riziki yake ni kununua kaa kwa wavuvi na kuwapeleka Mombasa, anataka mwanawe aingie chuo kimoja kikubwa cha bara, chuo ambacho ukilitaja jina lake dakani watu hunyamaza kidogo kisha wakasema mashallah. Kozi ya huko kwa kaka si hoja. "Aingie kwanza," asema, "mengine yatajulikana mbele."

Nilimjibu kijana maneno mawili: njoo kesho. Mengine nayaandika hapa, kwa sababu msimu huu wa kuchagua kozi najua si nyumba yetu pekee yenye mvutano huu. Nimezungumza na wazazi wa Shela, wa Faza, hata wa Malindi mjini, na wote huanza na swali lile lile: chuo gani? Kusomea nini, hilo huja nyuma, tena kwa sauti ndogo.

Mimi nilifuata jina.

Nilifanya mtihani wangu mwaka 2006. Wakati huo KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo na kozi, haikuwepo; kazi hiyo ilifanywa na bodi iliyoitwa JAB, na kozi tulizichagua kwenye fomu za karatasi tukiwa bado shuleni, kabla hata ya kuuona mtihani. Mwalimu alitwambia tuchague chuo kwanza, kisha tutafute ndani yake kozi ambayo alama zetu zitaifikia. Tukafanya hivyo darasa zima.

Nilichokuwa nakitaka ni bahari. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki, na nikiwa mdogo alinifundisha kuhesabu siku za mwezi ili nijue lini ni bamvua na lini ni maji mafu. Alijua tafi huingia lini kwenye majani ya bahari, alijua kaskazi ikikaza ni wapi pa kulificha dau. Aliyajua hayo yote kwa mikono na miguu yake. Mimi nilitaka kujua kwa nini. Kwa nini mwezi, kwa nini majani yale na si mengine, kwa nini dema moja linatoa samaki sita pale palipokuwa pakitoa ishirini.

Niliitwa chuo kikubwa cha bara, digrii ya sayansi ya jumla. Siku barua ilipofika Mama alipika pilau akapeleka sahani kwa majirani wa mtaa mzima. Kisha nikakaa nyumbani kungoja zamu, maana enzi hizo kutoka mtihani hadi kuingia chuo ilikuwa karibu miaka miwili. Muda wote ule sikumwambia mtu kwamba kozi yenyewe siijui. Nilijiambia bahari nitaikuta ndani.

Niliikuta mwaka wa nne, kwa muhula mmoja, somo moja, katika mji ulio mamia ya kilomita kutoka ufuo wa karibu. Mhadhiri wetu alikuwa mtu mwema na mjuzi mkubwa wa wadudu wa mazao. Bahari alipewa kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kupewa. Safari ya kuja pwani iliahirishwa mara mbili kwa ajili ya gari, mara ya tatu haikutajwa tena. Tukasomea kwenye chupa. Nakumbuka chupa moja ya fomalini, ndani yake samaki aliyepauka mpaka akawa na rangi ya nta. Niliigeuza, nikaiona miiba ya mgongoni, nikamtambua: tafi. Samaki ambaye mwiba wake ulinichoma utotoni mara zisizo na idadi, Mama akinitia mkono kwenye maji ya moto mpaka sumu itulie. Nilisimama pale maabara na chupa mkononi, wenzangu wakiandika jina lake la Kilatini, na machozi yakanilengalenga. Nilikuwa nimesafiri mbali namna ile kuja kumtazama tafi aliyekufa.

Lakini siku iliyoniuma zaidi ilikuja baadaye, hapa hapa Amu. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari mpya ya Lamu na njia zake, ulizinduliwa Machi 2012, na baada ya hapo kukawa na mikutano mingi kuhusu bandari. Katika mmoja wao mzee mmoja, aliyekuwa rafiki wa baba yangu, alininyooshea kidole. "Binti yetu huyu amesoma sayansi chuo kikuu. Binti, twambie, hilo tope litakalochimbuliwa chini ya bahari ili meli zipite, litakwenda wapi? Na samaki watakuwaje?"

Nilisimama. Nilisema mazingira, nilisema athari, nilisema utafiti zaidi unahitajika. Nilipokaa nilijua, na wao walijua, kwamba sikujibu kitu.

Aliyejibu alikuwa rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja sekondari. Alama zake zilikuwa chini ya zangu. Alikwenda kusomea mambo ya bahari katika chuo kidogo cha huku huku pwani, ambacho wengi mle ukumbini hawakuwahi kulisikia jina lake. Aliomba bilauri ya maji, akatia kijiko cha udongo, akakoroga, akaiinua dirishani. "Mnaona jua haliingii?" aliuliza. "Majani ya bahari ni mmea, hutaka jua kama muhogo unavyotaka. Yakifunikwa na tope yanakufa. Yakifa, tafi mdogo hana pa kula wala pa kujificha." Wazee wakamsogelea. Wakaanza kumuuliza kuhusu pepo: wakati wa kusi tope litasukumwa upande gani, na wakati wa kaskazi je? Mengine aliyajibu. Mengine alisema, hilo sijui, itabidi nikapime. Na hata pale aliposema sijui, walimwamini.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya mradi ule. Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Madai kama yale hayasimami kwa uchungu peke yake. Lazima awepo mtu wa kusema matumbawe yameumia kiasi gani, mikoko imekatwa kiasi gani, mvuvi hupoteza nini kwa msimu mmoja. Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Na mimi, mtoto wa mvuvi, mwenye shahada yenye jina, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikisikiliza kama mgeni.

Nimefikiri sana tabia hii ya kuuliza jina la chuo kwanza tumeitoa wapi, maana si ya kwetu. Amu ulikuwa mji wa elimu kabla Kenya haijajenga chuo kikuu chochote. Habib Swaleh alikuja kutoka Ngazija, akasomesha, na darsa zake ndizo zilizozaa msikiti na chuo cha Riyadha, ambako wanafunzi wamekuwa wakija kutoka pwani yote kwa zaidi ya miaka 100. Hawakuja kwa ajili ya jengo. Mtu aliyetaka nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, alimwendea sheikh wa nahau. Aliyetaka mirathi alimtafuta bingwa wa mirathi, hata kama bingwa huyo anasomesha sebuleni kwake Siyu au Pate, juu ya mkeka mmoja. Na aliporudi mjini watu walimuuliza: umesoma kwa nani, na umesoma kitabu gani? Ijaza yenyewe, hati ya mwalimu ya kumruhusu mwanafunzi asomeshe, humtaja mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, mlolongo mpaka nyuma kabisa. Ukuta na lango havimo ndani ya ijaza.

Nadhani tuliliacha swali hilo katika zile zama ambapo chuo kikuu kilikuwa kimoja. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi hiyo 1970, na hapakuwa na kingine nchini mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa 1984. Kwa miaka 14 kusema "chuo kikuu" na kulitaja jina lake lilikuwa jambo moja. Mtoto wa Amu aliyeitwa huko alikuwa ameshavuka, awe amekwenda kusomea sheria au ukulima. Chuo changu mimi kilikuja baada ya zama hizo, lakini kilirithi heshima ile ile machoni pa wazazi wetu. Kaka yangu amelelewa na watu wa zama zile. Simlaumu hata kidogo.

Kijana alikuja asubuhi kama nilivyomwambia, na daftari kwapani. Naye pia, nikaona, amekuwa akisoma ushauri kwenye simu, mwingi wake wa Marekani: nenda chuo bora kinachokukubali, fani utaichagua ukiwa ndani. Kule maneno hayo yana mantiki yake. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi huingia bila kufungwa na kozi moja. Huonja hiki na kile, kisha hutangaza fani yake karibu na mwisho wa mwaka wa pili. Kwetu mtu huitwa kozi. Ukiingia kwenye tovuti ya KUCCPS unachagua namba ya kozi, kozi fulani katika chuo fulani, na unapimwa kwa kozi hiyo: masomo manne ya klasta, yaani yale yanayohusiana na kozi hiyo, yenye jumla ya alama 48, yakipigiwa hesabu pamoja na masomo saba yenye jumla ya 84. Ndiyo maana ile A- ya baiolojia ni hazina akiomba bahari, na akiomba biashara itamfaa kidogo tu. Ukishaingia, kuhama kozi ni kuandika barua, kungoja nafasi itokee, na kuwa na alama za klasta za huko unakotaka kwenda, yote ndani ya wiki chache za mwanzo. Nimewaona waliofanikiwa kuhama. Nimewaona wengi zaidi waliokaa miaka minne wakisoma wasichokitaka, na nilikuwa mmoja wao. "Aingie kwanza, mengine mbele" ni ushauri mzuri wa nchi nyingine.

Na huko huko jambo hili limepimwa. Mwaka 2002 wachumi wawili, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wamekubaliwa na vyuo vya hadhi inayolingana, ambao baadhi yao walikwenda penye jina kubwa na wengine wakachagua penye jina dogo. Walipoangalia mapato yao miaka ya baadaye, kwa wastani jina la chuo halikuongeza kitu cha maana. Uwezo na bidii ya kijana vilikwenda naye popote alipokwenda.

Niliposoma hapo nilitaka kumkimbilia kaka na simu mkononi. Kisha nikasoma mpaka mwisho. Kulikuwa na watu waliofaidika na jina: wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini. Na wawili hao waliporudia utafiti wao baadaye, waliiona faida hiyo pia kwa Wamarekani Weusi, kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na kwa wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Watoto ambao nyumbani hakuna mtu wa kumpigia simu. Sisi, kwa neno jingine.

Hilo lilinikalisha chini siku mbili. Kwa sababu ni kweli, na nimeiishi kweli hiyo. Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi ilijibiwa, nina hakika, kwa ajili ya jina lililokuwa juu ya cheti. Mama alipougua tukalazimika kumpeleka Nairobi, aliyetupokea mlangoni ni daktari ambaye tulilala chumba kimoja hosteli, na hakuondoka ubavuni mwa Mama mpaka alipopata kitanda. Watoto wa Amu tuna watu wachache huko. Kaka analijua hilo. Anapolitaja jina la chuo, anachokisema moyoni ni kwamba mwanawe asije akawa peke yake katika nchi hii. Nilipoelewa hivyo niliacha kubishana naye kwa hasira.

Ila nilijiuliza: kwa anayesomea bahari, hao watu wa kumfaa wako wapi? Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, makao yake ni Mombasa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, na walinzi wake na watafiti wake wako pale. Gazi, kule Kwale, wanakijiji wanahifadhi mikoko na kuuza hewa ukaa tangu 2013 kupitia Mikoko Pamoja, mradi ambao wataalamu huja kuutazama kutoka mbali. Kamati za wavuvi, zile BMU, ziko kila bandari ndogo kutoka Kiunga hadi Vanga. Hawa ndio watakaompa kijana atachimenti, yale mafunzo ya kazini, ndio watakaomkumbuka kazi ikitokea. Bara hatawakuta. Jina kubwa lingempa marafiki wanasheria na wahasibu, na hao ni neema, lakini yule wa kumwambia "kuna boti inatoka Jumanne kwenda kuhesabu matumbawe, njoo" anakaa pwani.

Angekuwa kijana asiyejua anataka nini, ningesema vingine. Mtoto wa namna hiyo ningemsukuma kwenye chuo kikubwa chenye vitivo vingi, akakutane na watu na fani asizowahi kuzisikia. Kuna watoto wengi hivyo, na hakuna aibu. Huyu wetu si mmoja wao. Huyu tangu darasa la sita alikuwa akipasua matumbo ya samaki jikoni kuona wamekula nini.

Kuna jambo jingine ambalo jina haliwezi kulifunika, nalo limemuumiza binamu yangu. Aliingia uhandisi katika chuo chenye jina zuri, akasoma miaka mitano, na alipokwenda kujiandikisha akaambiwa kozi yake haitambuliwi na Bodi ya Wahandisi. Bodi huangalia kozi moja moja: maabara zake, walimu wake, mtaala wake. Chuo kinaweza kuwa na kozi moja inayotambuliwa na nyingine, mlango wa pili tu, isiyotambuliwa. Uuguzi uko hivyo, sheria iko hivyo, udaktari uko hivyo. Binamu alifanya kazi za fundi kwa mshahara wa fundi kwa miaka, vitabu vyake vya uhandisi vikiwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Mzazi anayesoma hapa, kama mwanao anataka mojawapo ya fani hizi, uliza bodi kabla ya kuuliza jirani.

Pesa nitaitaja kwa ufupi kwa sababu kila nyumba inajua yake. Chini ya mfumo uliotangazwa 2023 kuna udhamini wa serikali, kuna mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na kuna sehemu ya familia. Sehemu hiyo ya familia hutoka kwenye kaa wa kaka. Kodi ya chumba mjini bara na nauli ya kurudi Idi ni kaa wengi.

Basi asubuhi ile tulifanya kazi. Tulifungua kurasa za vyuo vyote viwili, tukaweka mitaala kando kwa kando. Kijana akahesabu kwenye daftari: katika kozi ya karibu zaidi ambayo angeipata kule bara, ni mara ngapi bahari inatajwa, na ni mwaka wa ngapi. Kisha tukatazama orodha ya walimu. Huyu ameandika nini? Na huyu? Amewahi kufanya utafiti wapi? Nilimwambia asisome vyeo, asome kazi. Alikaa na orodha ile mpaka adhuhuri, akiandika.

Wiki iliyofuata tukasafiri, mimi na yeye, twende tukaone. Tulivuka kwa boti kwenda Mokowe kukiwa bado giza, tukapanda basi la alfajiri. Hindi, Witu, Minjila, Garsen, na vizuizi vyote vya njiani. Tulipofika Gongoni, penye mashamba ya chumvi, nilimwonyesha njia inayokata kwenda Ngomeni, nikamsimulia kisa ambacho baba yangu alinisimulia.

Pale baharini, mbele ya kijiji cha wavuvi, Waitaliano walisimamisha jukwaa la chuma la kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka pale setelaiti iliyopewa jina Uhuru, setelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Ilikuwa kazi ya Wamarekani wa NASA, watu waliokuwa na viwanja vyao vikubwa na maarufu. Walikuja Ngomeni kwa sababu Ngomeni iko karibu nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta. Hapo dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na roketi inayoelekea mashariki huazima kasi hiyo. Mbele yake ni maji matupu, ikianguka haimdhuru mtu. Walijua wanataka kufanya nini, wakatafuta mahali panapoifaa kazi hiyo. Kijana alikuwa anajua kuhusu jukwaa lakini sababu hakuwahi kuambiwa. Aliandika "nyuzi 3" kwenye daftari.

Daraja la Sabaki likatukuta na jua kali. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ni maji yale yale ya Athi yanayopita karibu na Nairobi, yakiteremka mamia ya kilomita na udongo wa mashamba ya bara. Kijana alibandika uso kwenye kioo. "Shangazi, tope lote hili laenda kumwagika Malindi, kwenye matumbawe." Kisha akanyamaza mpaka tulipofika Kilifi, na mimi nikamwacha anyamaze.

Ya chuoni sina mengi ya kusimulia. Tulikuwa wageni, tukatembea, tukauliza, baadhi ya milango ilikuwa imefungwa. Lakini tulikutana na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu anayesoma kozi ile ile, msichana kutoka Kwale, viatu vyake vimejaa tope jeusi. Nilimuuliza katoka wapi. Mikokoni, akasema, na akatuonyesha kwa kidole upande wa ghuba. Kijana akamuuliza mikoko ipi, na yeye akaanza kutaja: mkoko, mchu, muia, mkandaa. Kijana akaongeza mlilana, wakaanza kubishana ni upi unaokaa karibu zaidi na maji. Walisahau kama nipo. Nilikaa chini ya mti nikawatazama, nikaikumbuka ile chupa ya fomalini, na nikashukuru.

Tulirudi Amu kesho yake magharibi. Mama alikuwa kiwandani, ule ua wa ndani wa nyumba yetu, na kahawa ya tangawizi, na mikate ya mofa imefunikwa. "Yeo mumerudi," alisema, akamwita kijana akae karibu naye. Kaka aliingia baada ya isha, mikono yake bado ina harufu ya kaa, akakaa kwenye kigoda bila kusema. Hakuuliza safari. Nilijua anangoja mimi nianze, na niliamua nisianze.

Aliyeanza ni Mama. Alimtazama mjukuu wake, akauliza: "Huko Kilifi, utasoma kwa nani?"

Kijana alifungua daftari. Akawataja walimu wa ile orodha mmoja mmoja, kila jina na kazi yake, kwa sauti ya mtu anayesoma darsa. Mama alitikisa kichwa kila jina lilipopita, kama anayahifadhi. Mara mbili alimwambia rudia.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Akamimina kahawa, akanywa kikombe kizima.

"Siku ukifika," alisema, "uwaulize kaa wa Mkanda wamekwenda wapi. Miaka mitatu sasa wanapungua, na hakuna anayejua."

"Nitawauliza, Baba," kijana alisema, na akaliandika.